Uliza Kocha: Pumzi ninayo, nguvu ndo sina

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu waliopita miaka 50 na karibu zote zinagusa mazoezi ya sakiti, yaani yale ya kuzunguka vituo, hapa unanyanyua pale unaruka kule unavuta, bila kukaa chini. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nadhani wengi mna tatizo hilohilo na hamjui.

SWALI: Kocha shikamoo, na kama mkubwa ni mimi basi niitikie mwenyewe. Nina miaka 57. Nipo kwenye kikundi cha sakiti, watu kama kumi na tano hivi, vituo kumi, sekunde 40 kazi sekunde 20 kupumua, raundi tatu, muziki juu. Mwezi wa nne huu, mara tatu kwa wiki sikosi. Pumzi imekaa vizuri sana, ngazi napanda huku naongea na simu. Lakini juzi nilikaa kwenye kochi la chini, kunyanyuka nikajikuta najisukuma kwa mikono kama zamani, na dumu la maji la lita 20 bado naliburuta badala ya kulibeba. Si tunashika dambeli kule jamani? Skwati, kule kuchuchumaa na kunyanyuka, tunapiga mpaka jasho linachuruzika. Sasa hizo nguvu zinaenda wapi?

JIBU: Marahaba, mambo ya nani mkubwa tutayamaliza siku nyingine. Haziendi popote ndugu yangu, hazijawahi kuja.

Hukuandika dambeli zenu ni za kilo ngapi, ila nabahatisha ni vile vidogo vya rangirangi vya kilo 2 au 3. Kengele inalia, unavibeba, ndani ya sekunde 40 unapiga skwati 25 mpaka 30, nusunusu, unapanda kabla hujamaliza kushuka, kengele tena, unakimbilia kituo kingine. Moyo unadunda, fulana imelowa, unaona kazi imefanyika. Imefanyika kweli, ila ni kazi ya moyo na mapafu. Hapo ulikuwa unakimbia ukiwa umesimama sehemu moja, dambeli zilikuwa za kukusindikiza tu.

Msuli hauongezi nguvu kwa sababu umetoka jasho, unaongeza pale unapopewa mzigo unaokaribia kuushinda. Na mwili ni bahili, kazi nyepesi unaipa nyuzi za misuli za taratibu, zile za kuvumilia, na zile kubwa zenye kasi unaziacha zimelala mpaka mzigo uwe mzito au zile za kwanza zichoke hasa. Sasa hizo za kasi ndo zinazokutoa kwenye kochi, ndo zinazokudaka mguu ukijikwaa, na bahati mbaya ndo zinazopungua zaidi tukizeeka. Mtu asiyezifanyia kazi anapoteza misuli kama asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi kuanzia kwenye thelathini huko, na akivuka 60 kasi inaongezeka, kitu kinachoitwa sakopenia, jina alilolitoa mtafiti Irwin Rosenberg mwaka 1989 kutoka maneno ya Kigiriki ya nyama na upungufu. Kukimbia peke yake hakuzuii hilo, na ndo maana utamkuta mtu amekimbia miaka yote, moyo safi kabisa, miguu imebaki miti.

Kuna atakayesema hata uzito mdogo unajenga ukirudia mpaka ushindwe. Ni kweli. Lakini nyie hamfiki mnaposhindwa, kengele inawahi.

Kwa hiyo nakwambia jambo moja tu kubwa na ukilishika hili mengine yatajipanga: kituo cha nguvu usikipime kwa saa, kipime kwa idadi. Saa iachie kadio, yaani yale mazoezi ya moyo na pumzi. Chukua uzito ambao ukifika mara ya 8, ya 9, ya 10 unaanza kwenda polepole bila wewe kutaka, ukiweka chini unajua ungeweza mbili zaidi, tatu haiwezekani. Ukimaliza ukajikuta ungeweza kumi zaidi, huo uzito mwachie mwingine.

Na sakiti yenyewe haikuanza na mambo ya kengele moja kwa watu wote. R. E. Morgan na G. T. Adamson waliibuni mwaka 1953 pale Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, wanafunzi wengi wafanye mazoezi kwa muda mfupi, na kila mtu alikuwa na kipimo chake mwenyewe kwenye kila kituo. Haya ya wote kwenda sawa kama gwaride yamekuja baadaye, na nadhani spika za muziki zimechangia.

Mimi ningekupangia hivi. Anza na skwati ya kiti, umekumbatia dambeli moja kubwa kifuani, unashuka kwa hesabu ya tatu mpaka makalio yaguse kiti, hukai, unapanda kwa nguvu, mara 8 hadi 10. Pumua nusu dakika, halafu dakika moja ya kutembea papo hapo magoti juu. Kisha kuvuta, mkono mmoja umeegemea benchi, mwingine unapandisha dambeli mpaka ubavuni, miguu inapumzika hapo. Halafu dakika moja ya kupanda na kushuka kigazi kimoja. Pushapu, kwenye meza kama sakafuni hujafika bado. Baiskeli ya mazoezi dakika moja, kama haipo tembea haraka huku na huku. Kisha kuinama kwa nyonga, mgongo umenyooka, unanyanyua uzito kutoka chini, na hapa pumzika dakika nzima au moja na nusu, usione aibu kusimama, watu wengi sakiti wanaiharibu kwa kuona aibu kusimama. Mwisho kabisa beba mzigo kila mkono utembee hatua 30 ukiwa umenyooka. Hilo ndo dumu lako. Raundi mbili kwa kuanzia, tatu baada ya mwezi, jumla haizidi dakika 40 ukiweka na dakika 8 za kupasha mwili moto, na umri wetu huu kupasha siyo pambo.

Ukiona umefikisha mara 12 siku mbili mfululizo, ongeza kilo 1 au 2 urudi kwenye 8. Andika kwenye daftari. Bila daftari baada ya miezi sita utakuwa umeshika dambeli ileile unajiambia unaendelea.

Halafu mtu atakuja kukwambia kadio inakula misuli kwa hiyo usichanganye. Maneno hayo yana chanzo, mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson aliwafuatilia watu kwa wiki 10, waliochanganya vyuma na kadio nguvu zao zikapanda vizuri na wenzao mpaka karibu wiki ya saba, zikagoma, halafu zikaanza kushuka. Sawa, ila wale walikuwa wanabeba vyuma siku tano na kadio siku sita kwa wiki. Wewe wa mara tatu hiyo siyo hofu yako.

SWALI: Kocha, mimi ni mama wa miaka 63, natumia vidonge vya presha mwaka wa tano huu. Mkufunzi wetu ametufundisha kwamba mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika ni 220 toa umri, kwangu inakuja 157, anataka tufike asilimia 70 mpaka 80 ya hapo, yaani 110 mpaka 126. Mimi saa yangu ya mkononi inasoma 98, 102, haipandi hata nifanyeje, mbele za watu naambiwa mama unajivuta. Juzi nikasema leo wataniona, nikakazana kweli, kuinuka kutoka kwenye plenki, lile zoezi la kujinyoosha juu ya viwiko na vidole vya miguu, nikaona giza, nikashika ukuta. Ni uzee au mimi ndo mvivu?

JIBU: Pole dada yangu. Siyo uvivu, na huyo mkufunzi angeanza kwa kukuuliza unatumia dawa gani.

Angalia pakiti yako. Kama jina la dawa linaishia na olol, atenolol, bisoprolol, metoprolol na ndugu zake, hiyo ni beta bloka, na kazi yake mojawapo ni kuuzuia moyo usiende mbio. Kwa hiyo 98 yako inaweza kuwa ni kazi ngumu sawa na 125 ya jirani yako, na kuilazimisha ifike 110 ni kama kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Siyo dawa zote za presha zinafanya hivyo, amlodipine kwa mfano haiko kwenye kundi hilo. Na tafadhali usije ukaacha dawa ili saa isome vizuri, nimeshakutana na mtu alikuwa anaruka kidonge siku za mazoezi, karibu nimkemee na umri wake ule.

Hata kwa asiye na dawa yoyote ile 220 toa umri ni ya kukadiria tu. Ipo nyingine ya mwaka 2001, 208 toa asilimia 70 ya umri, kwako inatoa 164 siyo 157, na bado watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo zaidi ya kumi wote wakiwa wazima.

Tumia mdomo wako. Kwenye kadio uweze kusema sentensi nzima lakini kuimba ushindwe, hapo ni kazi ya wastani. Ukibaki na maneno matatu kisha pumzi, ni kazi nzito, siyo mbaya ila isiwe muda wote. Au jipe namba kuanzia 0 umekaa kitini mpaka 10 hoi kabisa, vituo vingi vikae kwenye 5 au 6. Hii ya kujipa namba siyo ya mitaani, Gunnar Borg wa Sweden ndiye aliyeanzisha vipimo vya namna hiyo, na kile cha kwanza alikianzia kwenye 6 mpaka 20, watu wanashangaa kwa nini 6, ni kwa sababu ukizidisha mara kumi inakaribiana na mapigo ya moyo ya kijana mzima.

Sasa lile giza. Ukiwa umelala au kwenye plenki damu haina kazi kubwa ya kupanda kichwani, ukinyanyuka ghafla inashuka miguuni, na vidonge vya presha vinachelewesha mwili kujirekebisha. Kosa hapo ni la mpangilio wa vituo, na nalijua kwa sababu nililifanya mwenyewe, zamani nilipanga plenki, inayofuata kamba, inayofuata sakafuni tena, mzee mmoja akayumba raundi ya pili nikamdaka begani. Tangu siku hiyo ya sakafuni naweka yote mwisho, kwa pamoja, mtu ashuke mara moja na kupanda mara moja, na akipanda anapitia magotini, anakaa kidogo, ndo anasimama. Plenki unaweza pia kuifanya umeegemea meza nzito, msuli wa tumbo hauoni tofauti kubwa kama unavyodhani.

Usibane pumzi unaponyanyua. Watu wanabana bila kujua, uso unaiva, presha inaruka papo hapo. Toa pumzi wakati wa kusukuma au kupandisha, vuta wakati wa kushusha, ukishindwa hesabu kwa sauti, anayehesabu hawezi kubana. Na ukimaliza raundi ya mwisho usikae kitini ghafla, tembea taratibu dakika 5 mpaka 10.

Mweleze daktari wako lile giza, hata kama halijarudi. Na wote mnaosoma, kifua kubana, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono, kuzimia, pumzi kukata kwa kazi ambayo wiki jana uliiweza, hapo hakuna kumalizia raundi. Unaacha na unatafuta matibabu siku hiyohiyo.

SWALI: Nina 52, goti la kulia linalia krr krr na likichoka linavimba kidogo, daktari kasema gegedu imeanza kulika. Kwenye sakiti yetu kuna kuruka box na kuruka nyota, niache sakiti kabisa?

JIBU: Acha kuruka, sakiti usiache. Goti la namna hiyo linapenda paja lenye nguvu, ukiliweka pembeni lisifanye kazi paja linakonda, na goti linazidi kubeba lenyewe. Badala ya kuruka box panda box, fupi, mguu mzima juu, shuka polepole, huko kushuka polepole ndo dawa yenyewe. Badala ya kuruka nyota toa mguu pembeni mmoja mmoja huku mikono inapanda, kwa haraka, utahema vizuri tu. Skwati shuka mpaka pale unapopaweza, hata kama ni robo, miezi miwili robo inakuwa nusu.

Mlio bila maumivu usikutishe. Maumivu madogo wakati wa zoezi, tuseme 3 kwa 10, yanavumilika kama kesho yake asubuhi yameisha. Ukiamka goti limevimba au linauma kuliko jana, jana ulizidisha, punguza uzito au kina cha skwati, usipunguze siku.

SWALI: Kocha nina 60, nimestaafu, muda ninao mwingi. Sakiti kila siku inafaa?

JIBU: Hapana. Ya vyuma ipishe siku moja katikati, mwili wa 60 unapona lakini hauna haraka. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za kazi nzito, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kwa hiyo sakiti mara mbili tatu, siku nyingine tembea, ogelea, baiskeli. Ukibaki na muda bado, lala mchana, nayo ni sehemu ya mazoezi na hakuna anayeniamini nikisema hivyo.

SWALI: Kocha, baba yangu ana miaka 74, hajawahi kufanya mazoezi zaidi ya kutembea. Mwaka huu amejikwaa mara mbili, mara moja akaanguka kabisa, nashukuru hakuvunjika. Nataka nimpeleke kwenye sakiti ninayofanya mimi, wenzangu wanasema mzee wa 74 vyuma vitamuua. Na yeye mwenyewe anasema amechelewa.

JIBU: Sakiti yako usimpeleke. Ila vyuma havitamuua, na kuchelewa hajachelewa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti wa wazee kumi wa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, umri miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi mazito ya miguu wiki nane. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliokuwa wanatembelea fimbo wakaziacha. Baba yako kwa hao ni kijana.

Kwanza aonane na daktari, huku kuanguka mara mbili kunahitaji kuangaliwa, macho, dawa, sukari, presha akisimama, mifupa. Kama mifupa imekuwa laini mazoezi ya kukunja mgongo mbele na kujipinda na uzito yafute kabisa.

Akiruhusiwa, mpime nyumbani. Kiti imara kimeegemezwa ukutani, mikono amekunja kifuani, sekunde 30, asimame wima na kukaa mara nyingi anavyoweza. Kwa mwanaume wa 70 hadi 74 chini ya 12 ni kidogo, kwa mwanamke chini ya 10. Asipoweza hata moja bila mikono wala usimcheke, andika sifuri, weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi, aanzie hapo.

Sakiti yake ni vituo vitano. Kusimama na kukaa kitini mara 8, akiweza kwa urahisi mpe kitu cha kubeba. Kutembea uwanjani au koridoni dakika 2, huku unamwongelesha, ukiona majibu yanakatika punguza mwendo. Kusukuma ukuta mara 10. Kunyanyua na kushusha visigino, ameshika meza, mara 12. Kisha kituo ambacho sakiti za vijana hazina na yeye ndo anakihitaji kuliko vyote, kusimama mguu mmoja sekunde 10 kila upande, vidole viwili vya mkono vimegusa meza, baadaye kimoja, baadaye hewani. Mwongozo ule wa 2020 wa Shirika la Afya Duniani kwa wenye 65 na kuendelea unataka mazoezi ya kusimama bila kuyumba na ya nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa hiyo mpange tatu. Raundi moja wiki mbili za mwanzo, hata kama anasema ni rahisi, hasa kama anasema ni rahisi.

Na wewe usisimame na saa mkononi unamhesabia kama askari. Fanya naye, zamu kwa zamu, yeye akikaa wewe unasimama. Baada ya wiki nne mrudishe kwenye kiti cha sekunde 30 mwone namba pamoja. Kiti hicho kisiwe cha magurudumu tafadhali, kuna msomaji alishaniandikia.